Kuchagua na kubadilisha mkanda wa taimingi kwenye gari la spoti la zamani

Gari la spoti la zamani lina tabia moja inayowadanganya wenye nalo: halitembei sana. Linatolewa siku ya mapumziko, linapigwa raundi, linarudishwa na kufunikwa turubai. Dashibodi inasoma kilomita 70,000, kitabu kinasema mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaoendesha vavu za injini, ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mwenye gari anatulia. Kumbe mkanda wenyewe una miaka 18.

Mpira hauchakazwi na kilomita peke yake. Joto la injini na mvuke wa oili vinaukausha polepole, hewa nayo inaula, na gari likisimama miezi mingi mkanda unabaki umejikunja pale pale ulipozunguka puli. Kwa hiyo kwenye gari la aina hii hesabu miaka kwanza, kilomita baadaye. Miaka mitano hadi saba ni ukomo unaoheshimiwa na wengi wanaotunza magari haya. Na kama umelinunua bila risiti wala kumbukumbu yoyote ya mkanda, usianze kubahatisha kwa kuuangalia. Chukulia umekwisha.

Mfano nitakaoutumia humu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza iliyotoka 1989 na injini ya lita 1.6, kisha ikapewa ya lita 1.8. Injini yake imekaa kwa urefu wa gari, mbele pana nafasi ya kuingiza mikono, na ina huruma kwa anayejifunza. Mpangilio wa kazi hautofautiani sana na magari mengine ya enzi hizo, ila namba hazihamishiki. Za gari lako zisome kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako.

Ijue injini kabla ya kununua chochote

Swali la kwanza: ni mkanda au cheni? Wapo waliokwishaagiza mkanda wa gari lisilokuwa nao. Nissan zenye injini ya SR20DET zinatumia cheni. MX-5 yenyewe ilihamia kwenye cheni kuanzia kizazi cha tatu, 2005.

Swali la pili ndilo zito. Mkanda ukikatika, vavu na pistoni zinagongana au hazigongani? Kazi ya mkanda ni kuunganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayosukuma vavu) ili vavu zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali panapostahili. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama papo hapo, na vavu kadhaa zinabaki wazi. Krenki bado ina kasi, inaendelea kusukuma pistoni juu. Kwenye Porsche 944, Honda NSX au Mitsubishi Lancer Evolution yenye injini ya 4G63, pistoni inazikuta vavu zile njiani na kuzipinda. Hapo hudaiwi mkanda tena, unadaiwa silinda hedi. Kwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza imeachwa nafasi ya kutosha. Mkanda ukikatika gari linazimika tu, unavutwa nyumbani, unavisha mkanda mpya na kuendelea na maisha.

Swali la tatu: mikanda ni mingapi? 944 na 4G63 zina mkanda wa pili, mdogo, unaozungusha shafti za kutuliza mtetemo. Watu huudharau kwa sababu hauendeshi vavu. Ukikatika, vipande vyake vinaingia kwenye mkanda mkubwa na kuuangusha nao. Badilisha yote miwili kwa pamoja.

Halafu kuna magari ambayo kazi hii si ya uani kabisa. Ferrari F355 injini hutolewa yote kwenye gari ndipo mikanda ifikiwe. Mwenye gari la namna hiyo asome mwongozo huu ili amwelewe fundi wake, aishie hapo.

Kuchagua mkanda

Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa mpira wa neopreni, nao ulikuwa na uungwana wa kuonyesha nyufa kabla ya kufa. Mikanda ya sasa mingi ni ya mpira wa HNBR, unaovumilia joto na oili vizuri zaidi, ila hauchaniki nyufa kirahisi. Unaweza kuonekana mzima kabisa ilhali meno yamechoka kwenye shina. Ndiyo maana kuchungulia kwa tochi na kusema "bado mzuri huu" si kipimo.

Vitu vitatu vinatakiwa kulingana bila mjadala: idadi ya meno, upana, na umbo la jino. Umbo la jino ndilo linalowaponyoka wengi. Mikanda miwili inaweza kuwa na urefu na upana sawa, lakini mmoja una meno ya mviringo na mwingine ya pembe. Utaingia kwenye puli, utazunguka, kisha utakula meno yake wenyewe. Usiagize kwa kupima na rula. Agiza kwa namba ya spea inayotokana na namba ya chesisi, kwa sababu injini moja ilibadilishwabadilishwa katikati ya uzalishaji.

Kuhusu kampuni, chukua mkanda wa kiwanda kilichotengeneza gari au wa watengenezaji wanaoviuzia viwanda hivyo: Gates, Continental, Dayco, Bando, Mitsuboshi. Mkanda halali una maandishi mgongoni mwake, jina na namba ya spea, yaliyochapwa yakatulia. Yakifutika kwa kusugua kidole, au boksi likisema hivi na mkanda ukisema vile, rudisha. Feki za mikanda zipo, na hii si spea ya kujaribia bahati.

Vipi ile mikanda ya rangi inayouzwa kwa ajili ya mashindano? Ni imara kweli, hasa kwa injini iliyoongezewa nguvu na springi ngumu za vavu. Kwa gari la barabarani lenye injini ya kawaida, sioni inachokuongezea zaidi ya rangi, na rangi yenyewe itajificha nyuma ya kava. Hela hiyo iweke kwenye beringi.

Na beringi ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Mkanda unapita kwenye puli ya tenshena, yaani ile inayoukaza, na puli ya kuongozea, zote zina beringi iliyofungwa na grisi yake ndani. Beringi yenye umri wa gari ikikwama, mkanda mpya unaungua na kukatika ungali mpya. Nunua seti kamili: mkanda, tenshena na springi yake, puli ya kuongozea, oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) ya mbele ya krenki, oili sili mbili za kamshafti, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), na pampu ya maji. Kwenye MX-5 pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, lakini kuifikia ni lazima ufungue makava haya haya ya taimingi. Mtu akiniuliza aiache kwa kuwa haivuji, namjibu: ikivuja mwaka kesho, kazi yote hii utairudia kwa ajili ya sili moja.

Ukishaununua mkanda, usiukunje kwa nguvu, usiugeuze ndani nje, usiutundike kwenye msumari. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazobeba mzigo wote. Zikivunjika huoni kitu kwa nje.

Vifaa

Soketi za milimita 10, 12, 14 na 21, spana ya kupimia mkazo wa bolti, jeki na stendi imara, bisibisi bapa, koleo, beseni la kukingia maji ya rejeta, rangi nyeupe au kalamu ya rangi, na tochi. Ongeza simu ya kupigia picha kila hatua. Injini iwe imepoa kabisa, tena ikilala usiku mzima ni bora zaidi.

Kufungua

Chomoa waya wa hasi wa betri. Kwenye MX-5 betri iko kwenye buti, usiitafute mbele. Mwaga maji ya rejeta. Toa bomba la hewa linalokatiza mbele ya injini, kisha mpira wa juu wa rejeta. Feni za rejeta si lazima kuzitoa, ila zikitoka utajishukuru baadaye mikono ikiwa humo ndani.

Kabla hujatoa mikanda ya nje, legeza bolti za puli ya pampu ya maji, kwa kuwa mvutano wa mkanda ndio unaoizuia puli isizunguke. Ndipo utoe mkanda wa oltaneta na ule wa pawa stiaringi na eyakondishena. Chomoa waya za plagi, toa tapeti kava, toa plagi zote nne. Plagi zikiwa nje, injini haina mgandamizo na inazunguka kwa mkono bila ubishi.

Puli ya krenki inashikwa na bolti nne ndogo, na nyuma yake kitovu kilichobanwa na bolti kubwa ya milimita 21 katikati. Hii kubwa ndiyo inayotoa watu jasho. Ingiza gia ya tano, vuta hendibreki, mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe uweke soketi yenye mpini mrefu na ulegeze. Ule mchezo wa kuegemeza mpini chini na kupiga stata ili injini ijifungue bolti yenyewe usiufanye. Umeshavunja mikono ya watu.

Ukiwa hapo tazama kitovu. MX-5 za mwanzo, hadi katikati ya 1991, zina krenki yenye pua fupi, na alama yake ni mianya minne kwenye kitovu; za baadaye zina minane. Ile ya pua fupi ina ugonjwa unaojulikana: bolti ikilegea kidogo tu, kii (kichuma kinachozuia puli isiteleze kwenye krenki) inatafuna njia yake kwenye krenki, taimingi inaanza kuyumba na krenki inaharibika moja kwa moja. Ukiwa nayo, safisha kila kitu kikauke, kagua kii na njia yake kwa tochi, na ufunge kwa bolti mpya.

Makava ya taimingi ni matatu, la juu, la kati na la chini, yote kwa bolti za milimita 10. Hazina urefu sawa. Zipange juu ya kipande cha katoni kwa umbo la injini.

Alama

Hapa ndipo kazi ilipo. Polepole.

Rudisha bolti kubwa kwa muda na uzungushe krenki nayo, kwa mwelekeo wa saa tu ukiwa umesimama mbele ya gari. Usizungushe injini kwa kushika kamshafti, na usirudishe nyuma. Zungusha hadi alama ya puli yenye meno ya krenki ilingane na alama iliyo kwenye mwili wa injini juu yake, pistoni namba moja ikiwa kileleni. Kisha tazama juu. Kila puli ya kamshafti ina herufi mbili, I na E, kwa sababu kiwanda kilitumia puli ya aina moja pande zote mbili. Upande wa kamshafti inayoingiza hewa, herufi I ndiyo inayotakiwa kuwa juu kabisa, ikielekea alama iliyo kwenye bamba la nyuma yake. Upande wa ekzosi, ni E. Anayetazama herufi isiyo ya upande wake atapotea na kudhani injini nzima imehama. Kama krenki imelingana lakini herufi haziko juu, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi, kwa maana kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wake.

Sasa paka rangi: alama kwenye kila puli, na alama inayoielekea kwenye injini. Wengine wanahamisha alama kutoka mkanda wa zamani kwenda mpya kwa kuhesabu meno. Ni njia nzuri ya kuhakikisha, lakini isiwe ya kwanza. Aliyefunga mkanda uliopo anaweza kuwa aliruka jino, nawe ukalinakili kosa lake kwa uaminifu mkubwa. Anza na alama za kiwanda kila wakati.

Piga picha. Legeza bolti ya tenshena, isukume ikae mbali na mkanda, kaza ibaki hapo. Vua mkanda. Ukiona kamshafti imeruka kidogo ikikuachia, usiogope. Ni springi za vavu zinasukuma. Utairudisha kwa spana, ukishika ile sehemu yenye pande sita kwenye mwili wa kamshafti. Kwenye injini za kugongana ruko hilo ni jambo la kuogopa, na ndiyo sababu huuzwa vifaa vya kuzifunga kamshafti zisitikisike.

Injini ikiwa wazi

Shika tenshena ya zamani uizungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza au ikizunguka kama haina grisi, utaelewa kwa nini nilisisitiza seti. Badilisha tenshena na puli ya kuongozea, zote mbili, hata kama ziko kimya.

Oili sili zichokonolewe taratibu. Ncha ya bisibisi ikikwaruza shafti, sili mpya itavuja pale pale. Paka oili safi kwenye mdomo wa sili mpya na uisukume sawasawa pande zote hadi ilingane na uso wa injini, kwa kutumia soketi au kipande cha bomba chenye upana wake. Ukitoa puli ya kamshafti ili kufikia sili, zuia kamshafti kwa spana kwenye pande sita, kamwe si kwa mkanda.

Pampu ya maji inafuata. Kwangua gasketi ya zamani yote, uso uwe mkavu na laini. Kisha futa kila tone la oili na maji eneo zima la mkanda. Mkanda mpya kwenye puli yenye oili ni kazi ya bure.

Kuvisha na kukaza

Hakikisha alama zote tatu bado zimelingana. Anza chini kwenye krenki, panda upande wa puli ya kuongozea ukiuvuta mkanda usilegee, pita juu ya kamshafti zote mbili, malizia upande wa tenshena. Ulegevu wote uishie huko. Kama mkanda una mishale, ifuate. Kama huna mtu wa kukusaidia, vibanio vya karatasi vinaushika mkanda kwenye puli za juu vizuri sana.

Sasa hesabu. Kati ya alama ya I na alama ya E kunatakiwa kuwa na meno 19 ya mkanda. Yakiwa 18 au 20, vua uanze upya, hata kama alama "zinaonekana karibu sawa". Karibu sawa ndilo jino lililorukwa.

Legeza bolti ya tenshena, springi iuvute mkanda, kaza kidogo. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono na uangalie alama zinarudi mahali pake. Zikirudi, zungusha mmoja na sehemu tano kati ya sita, hadi alama ya krenki ifike kwenye alama ya kukazia iliyo upande wa kushoto juu, kama saa nne kwenye uso wa saa. Hapo legeza tenshena tena, acha springi peke yake ifanye kazi bila kuisaidia kwa bisibisi, kisha kaza kwa Nm 37 hadi 52 (Nm ndicho kipimo cha mkazo wa bolti). Malizia kwa mizunguko miwili na sehemu moja ya sita, utakuwa umerudi kwenye alama. Ukibonyeza mkanda katikati ya puli mbili za juu kwa uzito wa kama kilo 10, uingie milimita 9 hadi 11.5.

Mkanda uliokazwa kupita kiasi utausikia ukilia kama filimbi injini ikiwa inazunguka, na beringi zitakufa mapema. Uliolegea utaruka jino. Magari mengine yana njia yake: 4G63 ina tenshena ya oili, ambayo pistoni yake hubanwa polepole sana kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, kisha ikafungwa kwa pini, Porsche 944 hupimwa kwa kifaa maalumu, na mkazo hukaguliwa tena gari likishatembea kilomita elfu mbili au tatu.

Wakati wa kuzungusha kwa mkono, ukihisi krenki imegota mahali, simama. Usiongeze nguvu. Kwenye injini ya kugongana, mgoto huo ndio vavu inakuambia kwamba umekosea, na mpini mrefu utaipinda vizuri tu bila msaada wa stata.

Kufunga na kuwasha

Rudisha sahani ya kuongozea mkanda mbele ya puli ya krenki, upande uliokunjwa ukitazama nje. Mara nyingi hupatikana chini ya benchi gari likishawashwa. Bolti kubwa hufungwa kwa Nm 108 hadi 118 kwenye krenki ya pua fupi, Nm 157 hadi 167 kwenye ile ndefu. Usizichanganye.

Tapeti kava inataka silikoni kidogo kwenye kona, pale vishikio vya kamshafti vinapokutana na hedi mbele na nyuma, si kuzunguka kote. Bolti zake ni Nm 5 hadi 9 tu. Zikizidi, nyuzi za alumini zinang'oka. Ukiwa nyuma ya hedi, papasa chini ya sensa ya kamshafti. Pakiwa na oili, pete yake ya mpira imekauka, na ni spea ndogo ya kubadilisha leo. Weka alama ya mkao wa sensa kabla ya kuitoa, kwa sababu ndiyo inayoamua moto wa plagi. Ukiihamisha, utapima upya kwa taa ya taimingi: nyuzi 10 kabla ya kilele, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), matundu ya GND na TEN yakiwa yameunganishwa kwa waya kwenye kiboksi cha uchunguzi.

Jaza maji, acha kifuniko wazi, washa, ongeza kadiri viputo vinavyotoka. Hita iwe imefunguliwa hadi mwisho. Injini ikiwaka lakini ikitetemeka na kukosa nguvu, usianze kubadilisha plagi na koili. Zima, fungua kava la juu, hesabu meno 19.

Kabla hujafunga boneti, andika tarehe na kilomita kwenye stika uibandike juu ya kava la taimingi, kwa kalamu isiyofutika na oili.